Arles: Mji wa Mawe ya Warumi na Sahani ya Wali

Ukipanga safari ya Arles, anza na Jumamosi, kisha hesabu kurudi nyuma. Ndege, treni, chumba cha kulala, hata ruhusa ya kazini, vyote vipange kuzunguka asubuhi ya siku hiyo moja. Kila Jumamosi soko la wiki la mji huu wa kusini mwa Ufaransa hutandazwa kwenye barabara pana inayopita kando ya mji wa kale, Boulevard des Lices, likaendelea hadi Boulevard Clemenceau, meza kwa meza, mwendo unaokaribia kilomita mbili. Linaanza asubuhi na mapema. Ikikaribia saa saba mchana wauzaji wanakunja turubai zao, na anayefika saa nane hukuta wafagiaji.

Naanza na soko, si na magofu, ingawa magofu ndiyo yanayoiletea Arles wageni. Tangu mwaka 1981 majengo yake ya Kirumi na kanisa lake kuu la karne ya 12 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wengi hushuka kwenye basi asubuhi, wakapiga picha uwanja wa Warumi, wakala chochote kilicho karibu, na jioni wakaondoka. Hao wameona nusu. Mawe ya Arles na chakula cha Arles ni watoto wa mama mmoja, na mama huyo ni mto Rhône. Mto ndio ulioleta vyombo vilivyoutajirisha mji, na mto ndio ulioshusha udongo unaolimwa mpunga leo na kulishwa fahali. Ukiujua mto, unajua unachokitazama na unajua unachokila.

Mji wenyewe si mkubwa. Una wakazi wapatao 50,000, nao umekaa pale Rhône inapogawanyika mikono miwili kabla ya kuingia bahari ya Mediterania. Kati ya mikono hiyo ndipo ilipo delta ya Camargue, nchi tambarare ya mabwawa, mashamba ya mpunga na ya chumvi. Sehemu kubwa ya delta hiyo iko chini ya halmashauri ya Arles, ndiyo maana eneo lake linafika kilomita za mraba 759, pana kuliko halmashauri nyingine yoyote ya Ufaransa bara. Linakaribia nusu ya kisiwa cha Unguja.

Bahati ya Arles ilikuja na vita. Mwaka 49 KK Julius Caesar alipouzingira mji wa Marseille, uliokuwa umejiunga na adui zake, aliagiza meli za vita Arles. Mafundi wa mji wakaunda 12 kwa siku 30, wakihesabu tangu miti ilipokatwa. Marseille ikashindwa, na Arles ikalipwa: miaka mitatu baadaye askari wastaafu wa Caesar walipewa makazi hapo, na biashara nyingi iliyokuwa ya Marseille ikahamia kwenye bandari ya mto. Utakachokiona cha Kirumi mjini kimejengwa na utajiri uliofuata.

Karatasi kwanza

Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Maombi huanzia kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Ufaransa iitwayo France-Visas. Huwezi kuomba mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala usichelewe hadi zimebaki siku chini ya 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya hapo halipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ulaya. Bima ya safari lazima iweze kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000.

Wasomaji wetu walioko ughaibuni wasichanganye mambo. Mwenye kibali halali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani, Ubelgiji au Uholanzi, haombi viza tena kwenda kutembea Ufaransa; anabeba pasipoti na kibali chake. Lakini anayeishi Uingereza au Oman kwa pasipoti ya Afrika Mashariki bado anaihitaji, hata kama amekaa huko miaka ishirini.

Ukifikia kwa ndugu anayeishi Ufaransa, mwambie aende mapema ofisi ya meya wa mji wake akaombe attestation d'accueil, hati rasmi ya kumpokea mgeni. Barua ya mkono haitoshi. Na tafadhali, usimpe mtu yeyote pesa kwa ahadi kwamba anajuana na watu wa ubalozi. Viza haina mlango wa nyuma, na hati moja ya kughushi inaweza kukufungia milango kwa miaka.

Kufika si kazi. Kutoka Paris treni za kusini huondokea stesheni ya Gare de Lyon; chache huenda moja kwa moja hadi Arles, nyingi hukutaka ubadilishe Avignon au Nîmes. Hapo Avignon pana mtego: kuna stesheni mbili. Treni za mwendo kasi hushusha abiria Avignon TGV, nje ya mji, na treni nyingi za kwenda Arles huondokea Avignon Centre. Treni ndogo huziunganisha kwa dakika chache tu, ila lazima uziweke kwenye hesabu zako. Ukitua uwanja wa ndege wa Marseille, chukua basi dogo la kwenda stesheni ya Vitrolles iliyo jirani, halafu treni ya mkoa hadi Arles, bila kuingia Marseille mjini. Kutoka stesheni ya Arles hadi mji wa kale ni mwendo wa miguu wa dakika kumi. Gari halikusaidii kitu ndani ya mji. Vichochoro ni vyembamba kama vya Lamu, na maegesho ni ya kugombania.

Siku ya mawe

Jengo la kwanza ni Les Arènes, uwanja wa duara refu wenye urefu wa mita 136 na upana wa mita 107, uliojengwa mwishoni mwa karne ya kwanza BK. Uliweza kubeba watazamaji wapatao 20,000 waliokuja kuona watu na wanyama wakipigana. Panda mnara ulio juu ya mlango, kwa sababu kutoka pale utaona kwa mkupuo mmoja mapaa mekundu ya vigae, mto unaokata kona, na tambarare ya Camargue inayopotelea kwenye upeo.

Kinachonigusa zaidi kuhusu uwanja huu si Warumi. Ni waliokuja baada yao. Dola ilipoanguka na njia zikawa hazipitiki kwa hofu, watu wa Arles walihamia ndani ya uwanja. Wakaziba matao, wakajenga minara minne ya ulinzi, na ndani wakapanga nyumba zaidi ya 200 na makanisa madogo mawili. Kwa karne nyingi ukawa mji ndani ya mji: watoto walizaliwa pale palipokuwa pakichinjwa simba. Ni katika karne ya 19 tu nyumba zile zilipovunjwa na uwanja ukaachwa wazi. Mitatu kati ya ile minara bado imesimama. Mwaka 1830 uwanja ukafunguliwa tena kwa mchezo wa fahali, na kilichokuwa kikisherehekewa siku hiyo ni jeshi la Ufaransa kuuteka mji wa Algiers. Msomaji wa Afrika alijue hilo anapoketi kwenye ngazi zile.

Jirani yake ni ukumbi wa maigizo wa Warumi, mzee kuliko uwanja, na uliochakaa zaidi kwa sababu mji uliutumia kama machimbo ya mawe. Nguzo mbili tu za jukwaa zimebaki zimesimama. Wenyeji huziita wajane wawili. Hapa ndipo ilipochimbuliwa mwaka 1651 sanamu ya Venus, iliyopelekwa kwa mfalme Louis XIV na sasa iko Louvre. Usikae sana.

Kaa kwenye Place de la République. Nguzo ya mawe iliyo katikati ilitoka kwenye uwanja wa Kirumi wa mbio za magari ya farasi na ilisimamishwa hapo mwaka 1676. Upande mmoja ni kanisa la Saint-Trophime, na mlango wake wa karne ya 12 ni kitabu cha wasiojua kusoma: Kristo katikati akihukumu, waliookoka upande mmoja, na upande wa pili waliolaaniwa wamefungwa mnyororo mmoja wakiburutwa kwenda motoni. Kuingia kanisani ni bure. Ua wa ndani wenye nguzo zilizochongwa unalipiwa, na unastahili. Kutoka hapa mahujaji wa zamani walianza safari ya miguu kwenda Santiago de Compostela, Hispania, na hadi leo utawakuta na mikoba yao mgongoni.

Kisha ingia jengo la halmashauri, hapo hapo uwanjani, utazame juu. Dari ya ukumbi wa chini ni ya mawe matupu, karibu bapa kabisa, na katikati hakuna nguzo hata moja. Mafundi waashi wa Ufaransa wamekuwa wakija kuisoma dari hiyo tangu karne ya 17. Hailipiwi, na wageni wengi hupita chini yake wakitafuta choo. Mlango wa kushuka kwenye cryptoportiques, mapango ya matao yaliyoshikilia soko kuu la Warumi, unaanzia humo humo. Beba sweta, chini kuna baridi na unyevu hata mwezi wa saba.

Chombo cha mtoni

Ukiwa na nafasi ya kuingia makumbusho moja tu, iwe Musée départemental Arles antique, jengo la buluu lililoko kando ya mto, mwendo wa miguu wa kama robo saa kutoka katikati ya mji. Utaoneshwa kichwa cha marumaru kilichopatikana mtoni mwaka 2007, ambacho wengine wanasema ni cha Caesar mwenyewe na wengine wanabisha. Kitazame, lakini nenda kwenye chombo.

Ni mashua ya mizigo ya karne ya kwanza, yenye urefu wa mita 31, iliyozama ikiwa na shehena ya mawe. Wazamiaji waliigundua mwaka 2004 chini ya tope la Rhône, ikainuliwa vipande vipande mwaka 2011, na tangu 2013 imelazwa nzima ndani ya ukumbi uliojengwa kwa ajili yake. Mtu wa pwani yetu ataitazama kwa jicho lake. Haina mkuku kama jahazi. Sakafu yake ni bapa kwa ajili ya maji ya kina kifupi. Mbao zimeshikwa kwa misumari ya chuma, si kwa kamba za kumbi kama mtepe wa zamani. Kuna mlingoti mfupi, ambao haukuwa wa tanga: ulifungwa kamba, na watu wakatembea kingoni mwa mto wakiivuta mashua kupandisha maji. Na upande wa nyuma kuna kitako cha mtungi mkubwa uliovunjika, mabaharia walichokigeuza kuwa jiko. Hapo walipika. Karibu yake utaona mitungi iliyookotwa kwenye kitanda cha mto, iliyoleta mafuta ya zeituni kutoka Hispania, mvinyo, na mchuzi wa samaki waliochachushwa ambao Warumi walitia karibu kila chakula. Bandari ilitupa takataka zake mtoni kwa karne kadhaa, na takataka hizo ndizo zinazotuambia leo watu wa Arles walikula nini.

Kuhusu Vincent van Gogh nitasema kwa kifupi, maana ndiye anayewaleta wengi. Alifika Februari 1888 akitafuta mwanga wa kusini, akakuta theluji. Aliondoka Mei 1889, akiwa amejikata sikio na majirani wametia saini barua ya kutaka afungiwe. Katika miezi hiyo alichora michoro na picha zipatazo 300. Mji wa Arles haumiliki hata moja. Nyumba ya manjano aliyopanga iliharibiwa na mabomu mwaka 1944. Unachoweza kukiona ni ua wa hospitali alikolazwa, sasa ni bustani iliyo wazi kwa wote iitwayo Espace Van Gogh, na wakfu wenye jina lake uliofunguliwa mwaka 2014, ambao huazima picha zake kutoka makumbusho mengine. Mkahawa wa Place du Forum aliouchora usiku ni mahali pa kupiga picha. Chakula katafute kwingine.

Asubuhi ya soko

Nenda na mfuko mtupu na noti ndogo ndogo. Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kunyoosha kidole, sema bonjour. Nalitilia mkazo kwa sababu wageni wengi hudhani Wafaransa wana kiburi, kumbe wao ndio waliomsemesha mtu bila kumsalimu. Kwa hili Arles haipishani na Tanga: anayeanza na shida yake kabla ya salamu ameonyesha hakulelewa. Usitomase matunda. Mwambie muuzaji utakula lini, leo au kesho kutwa, naye atakuchagulia lililoiva kwa siku hiyo.

Kinachouzwa hufuata msimu. Majira ya kuchipua ni stroberi na asparaga. Kiangazi ni matikiti madogo yenye nyama ya rangi ya chungwa, pichi na nyanya za kila umbo. Mwishoni mwa Agosti tini zinaingia. Mwaka mzima utakuta zeituni za rangi zote kwenye mabeseni, jibini za maziwa ya mbuzi na kondoo, asali, na mafuta ya zeituni ya bonde la Les Baux lililo jirani. Omba kuonja mafuta kabla ya kununua, hakuna atakayekushangaa. Utakuta tapenade, zeituni zilizosagwa pamoja na samaki wadogo wa chumvi na vijitunda chachu viitwavyo câpres, ya kupaka mkate. Utakuta fougasse, mkate bapa uliokatwa matundu kama jani, ambao baadhi huchanganywa na vipande vya mafuta ya nguruwe na baadhi na zeituni, kwa hiyo uliza.

Tembea hadi upande wa wauzaji wenye asili ya Morocco na Algeria. Kuna tende, bizari, giligilani mbichi na chapati za moto. Watu wa Maghreb wamekuwa sehemu ya Arles kwa vizazi sasa, na asubuhi ya Jumamosi bila meza zao si asubuhi ya Jumamosi. Msomaji Mwislamu hapa atapata pia wa kumuelekeza kwa mchinjaji wa halali.

Vitu vya kununua na kubeba hadi nyumbani ni viwili: mchele na chumvi. Mchele wa Camargue, mweupe au mwekundu, una alama ya ulinzi wa asili ya Ulaya tangu mwaka 2000. Chumvi inayoitwa fleur de sel ni ile inayoganda juu ya maji kwenye mashamba ya chumvi siku za jua na upepo, ikakusanywa kwa mkono kabla haijazama. Usiipikie. Nyunyizia samaki wa kuchoma akiwa tayari mezani.

Mezani

Chakula cha nyumbani cha Arles ni gardiane. Ni nyama ya fahali wa Camargue iliyolazwa usiku kucha katika mvinyo mwekundu pamoja na vitunguu na viungo, ikachemshwa moto mdogo kwa saa nyingi hadi ikalainika, na kupakuliwa na wali. Kwa mtu aliyekulia kwenye wali na mchuzi, sahani hii haihitaji utangulizi. Fahali hao ni wadogo, weusi, pembe zimepinda kwenda juu kama kinubi, na hulelewa wakizurura kwenye nyasi za mabwawa. Nyama yao ililindwa kwa hati ya asili mwaka 1996.

Asiyetumia mvinyo asidhani umechemka wote ukaisha. Gardiane imepikwa nao mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye kuna aïoli: kitunguu saumu kilichopondwa kinuni na kuchanganywa polepole na mafuta ya zeituni hadi kikawa urojo mzito, na pembeni samaki wa chumvi, viazi, karoti na mayai ya kuchemsha. Mikahawa mingi huupika Ijumaa, kwa hiyo ukifika siku moja kabla ya soko umeupata. Kuna pia tellines, kombe wadogo kama ukucha wanaochotwa kwenye mchanga wa pwani ya Camargue, wakakaangwa na saumu na majani ya parsley. Saucisson d'Arles, soseji kavu maarufu ya mji, kwa kawaida huwa na nguruwe. Maneno ya kukariri ni mawili: sans porc, yaani bila nguruwe, na sans alcool, bila kileo. Uliza bila aibu. Mpishi mwenye mizio ya wateja kichwani kila siku hashangai swali hilo.

Wafaransa wanaposema menu wanamaanisha mlo wa bei moja wenye hatua mbili au tatu. Orodha ya vyakula ni carte. Plat du jour, sahani ya siku ya mchana, ndiyo njia ya kula vizuri kwa bei nafuu. Maji ya bomba ni salama: omba une carafe d'eau, nayo huletwa bure pamoja na mkate. Gharama ya huduma imo tayari kwenye bei, hivyo bakshishi ni hiari yako. La kukumbuka zaidi ni saa. Mchana jikoni hufunguliwa saa sita na kufungwa saa nane, jioni huanza saa moja au moja na nusu. Ukishikwa na njaa saa kumi, umebaki na mkate na matunda ya soko, na hapo utashukuru ulinunua.

Siku ya tatu mpe jembe

Mgeni siku mbili, walisema wahenga, na siku yako ya tatu Arles ni ya kwenda mashambani. Basi la kwenda Saintes-Maries-de-la-Mer, mji wa pwani ulio kama kilomita 40 kutoka Arles, hukatiza delta na kukupitisha kando ya mashamba ya mpunga.

Mpunga huo una historia ambayo mabango hayaisemi sana. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Ufaransa iliwaleta wafanyakazi wapatao 20,000 kutoka koloni lake la Vietnam kuja kutumika katika viwanda vya silaha. Nchi iliposhindwa mwaka 1940 wakakwama, mbali na kwao, na mamia kati yao wakapelekwa Camargue. Wao ndio waliojua kulima mpunga, na kilimo ambacho kabla yake kilikuwa cha kubahatisha kikasimama. Mwaka 2014, katika kijiji cha Salin-de-Giraud, ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka. Unapouonja wali wa Camargue, wakumbuke. Mpunga una kazi nyingine pia: ardhi ya delta ina chumvi, na maji baridi ya Rhône yanayofurikishwa mashambani huisukuma chumvi chini, ili mwaka unaofuata ngano iweze kuota.

Kilomita 4 kabla ya Saintes-Maries, shuka kwenye hifadhi ya ndege ya Pont de Gau. Heroe wakubwa unaowaona hapo ni wa aina ile ile inayopatikana kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, na wekundu wao unatokana na chakula cha maji ya chumvi. Beba dawa ya kufukuza mbu. Hawana malaria, lakini ni wengi mno, hasa jioni. Farasi weupe utakaowaona ni wa wachunga fahali. Huzaliwa weusi au kahawia na kugeuka weupe wakikua.

Katika kanisa la Saintes-Maries, shuka hadi chumba cha chini. Kuna sanamu ya Sara, mwanamke mweusi aliyevishwa majoho yaliyorundikwa moja juu ya jingine na waumini wake. Waroma wa Ulaya (si Warumi) wanamheshimu kama mlinzi wao, na kila tarehe 24 Mei wanamiminika kwa maelfu kumpeleka hadi baharini wakisindikizwa na wapanda farasi.

Ukiona mabango ya michezo ya fahali, soma vizuri kabla ya kununua tiketi. Course camarguaise ni mchezo wa wepesi: vijana waliovaa meupe hukimbia kumnyang'anya fahali vitambaa na nyuzi zilizofungwa kwenye pembe zake, kisha fahali hurudi malishoni kwake. Jina lake huandikwa kwa herufi kubwa kuliko za wachezaji. Mtu wa Pemba aliyewahi kuona mchezo wa ng'ombe atajisikia nyumbani. Corrida ni jambo jingine: hapo fahali anauawa mbele ya watazamaji. Yote mawili hufanyika katika uwanja ule ule wa Warumi. Mimi nakushauri la kwanza.

Wakati wa kwenda

Julai na Agosti jua hukausha mji, joto likapita nyuzi 35, na maonyesho makubwa ya picha, Rencontres d'Arles, yaliyoanzishwa mwaka 1970, hupandisha bei za vyumba, hasa wiki ya ufunguzi mapema Julai. Kwa mpenzi wa picha hakuna wakati bora, mradi aweke nafasi miezi kadhaa mbele. Pasaka, na wikiendi moja ya Septemba inayoitwa Feria du Riz, mji hujaa watu wa fahali. Majira ya baridi ni ya upepo uitwao mistral, unaoteremka bonde la Rhône kwa siku mfululizo na kupenya koti lolote. Huweza kuvuma mwezi wowote, kwa hiyo kitambaa cha shingo kisikose mkobani. Baadhi ya makumbusho hufungwa Jumatatu au Jumanne, na tarehe 1 Mei karibu kila kitu hufungwa. Namba ya dharura kote Ulaya ni 112.

Mpunga wa Camargue huvunwa Septemba na Oktoba. Joto limepungua, tini bado zipo, vyumba vimeshuka bei. Ukiweza kuchagua, fika Alhamisi ya mwisho wa Septemba, ulale usiku nne, na Jumamosi uwe sokoni kabla ya saa tatu asubuhi.